Sauti Bila Nakala Hupotea Bila Habari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huwaelekea zaidi wenye maduka, hasa wale wanaouza na kukopesha bila kuandika, kisha mwisho wa mwezi hushangaa kuona rafu zimekuwa tupu ilhali fedha hazikuongezeka. Lakini iko mali ya namna nyingine ambayo watu wengi hawajaihesabu kuwa ni mali ihitajiyo daftari. Nayo ni sauti zinazotungwa na kuhifadhiwa ndani ya vinanda vya elektroniki viitwavyo sintesaiza.

Chukua mfano wa mpiga kinanda wa kikundi cha muziki au wa kwaya ya kanisa. Kwa miaka mingi amekesha na kinanda chake, akipunguza hapa na kuongeza pale, hata akapata sauti ya filimbi iliyooana na waimbaji wake, na sauti ya kengele ambayo hakuna kikundi kingine chenye nayo. Siku moja anawasha kinanda na kukuta sauti zote zimetoweka. Kinanda hakikuibwa, hakikuanguka, wala hakikunyeshewa mvua. Betri ndogo iliyomo ndani, ambayo ukubwa wake haupiti sarafu, imekwisha nguvu. Na kumbukumbu iliyokuwa ikitegemea betri hiyo imefutika.

Msiba wa namna hii si majaaliwa. Tangu mwaka 1983 iko njia rahisi, isiyo na gharama kubwa, ya kuzitoa sauti hizo ndani ya kinanda na kuziweka mahali pengine pa salama. Njia hiyo ni sehemu ya mkataba wa kiufundi uitwao MIDI. Ni jambo la kusikitisha kwamba wenye vinanda wengi wanaijua MIDI kwa jina tu, na kwamba baadhi ya watengenezaji wa ala wanaelekea kuufunga mlango ambao wenzao waliotangulia waliuacha wazi. Yafaa pande zote mbili ziambiwe ukweli.

Sauti ni maelezo ya upishi

Kwanza haina budi ieleweke ni kitu gani kinachohifadhiwa. Watu wengi hudhani kwamba ndani ya sintesaiza mna sauti zilizorekodiwa kama zilivyo nyimbo katika kaseti. Katika sintesaiza nyingi sivyo. Kilichomo ni orodha ya namba zinazokieleza chombo namna ya kuitengeneza sauti kila mara kitufe kinapobonyezwa. Orodha hiyo ni kama maelezo ya upishi wa pilau: mchele kiasi hiki, bizari kiasi hiki, moto mwingi mwanzoni na mdogo baadaye. Maelezo si pilau yenyewe, lakini mwenye maelezo na jiko anaweza kuipika tena na tena.

Mfano ulio bora ni Yamaha DX7, sintesaiza iliyotoka mwaka 1983 na kuenea duniani kote. Chombo hicho hutumia mbinu ambayo John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliivumbua mwaka 1967. Katika mbinu hiyo wimbi moja la sauti hutumiwa kuitikisa frikwensi ya wimbi jingine, na kutokana na mtikisiko huo huzaliwa rangi nyingi za sauti. Ndani ya DX7 mna vyanzo 6 vya mawimbi kwa kila sauti, na mipango 32 ya kuviunganisha vyanzo hivyo. Kasi ya kila wimbi, nguvu yake, namna linavyopanda na kufifia, na jinsi linavyoitikia mkono wa mpigaji, vyote huandikwa kwa namba. Sauti moja ina namba 155 tu. Anayezimiliki namba hizo 155 anaimiliki sauti, aliyezipoteza ameipoteza.

Kutoka karatasi hadi kaseti

Haja ya kuzihifadhi namba hizo haikuanza na MIDI. Sintesaiza iitwayo Minimoog, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, haikuwa na kumbukumbu yoyote. Mpigaji aliyepata sauti ya kupendeza hakuwa na njia ila kuchora kwenye karatasi picha ya vifundo vyote, na kuonyesha kila kifundo kimeelekea wapi. Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani ilitoa Prophet-5, ambayo ndani yake mlikuwa na mikroprosesa iliyoweza kukumbuka hali ya vifundo na kuirejesha kwa kubonyeza kitufe. Hapo ndipo sauti ilipogeuka kuwa kitu cha kuhifadhiwa, na papo hapo ikawa kitu cha kupotea.

Miaka ya mwanzo ya 1980 vinanda vingi vilitegemea kaseti za kawaida. Roland Juno-60 ya mwaka 1982, kwa mfano, iliweza kuzigeuza namba zake kuwa milio, milio hiyo ikarekodiwa kwenye kaseti, na baadaye kaseti ikachezwa ili kinanda kizisome namba tena. Njia hii ilisaidia sana, lakini ilikuwa na udhaifu wake. Utepe hunyooka, huota ukungu, na mashine ya kaseti ikiharakisha au ikikawia kidogo, usomaji hushindikana. Isitoshe, kila kampuni ilikuwa na milio yake, na hapakuwa na lugha moja.

Mapatano ya washindani

Mwaka 1981 Dave Smith wa Sequential Circuits aliwasilisha mbele ya wahandisi wa sauti pendekezo la kuziunganisha ala za kampuni mbalimbali kwa lugha moja ya tarakimu. Huko Japani, Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alikuwa na fikira iyo hiyo. Kampuni za Yamaha, Korg na Kawai nazo zikashiriki katika mashauriano. Mnamo Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, Prophet-600 ya Sequential Circuits iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland. Mpigaji alipobonyeza vitufe vya chombo kimoja, kingine kikaitikia. Mwaka uo huo mkataba wa MIDI ulichapishwa. Wenye mkataba hawakudai malipo kwa yeyote aliyetaka kuutumia. Kwa ajili ya kazi hiyo, Smith na Kakehashi walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kakehashi alifariki mwaka 2017, na Smith mwaka 2022, lakini lugha waliyoiasisi ingali inatumika.

MIDI haipitishi sauti katika waya wake. Inapitisha namba. Kila namba husafiri kwa biti 8, zikitanguliwa na biti 1 ya kuanzia na kufuatwa na biti 1 ya kumalizia. Jumla biti 10. Mwendo wa waya ni biti 31,250 kwa sekunde, ambao ni milioni 1 igawanywe kwa 32, hesabu iliyokuwa rahisi kwa saa za mikroprosesa za wakati ule. Kwa hiyo waya hupitisha baiti 3,125 kwa sekunde, na kila baiti huchukua mikrosekunde 320. Waya una plagi ya pini 5, na haupaswi kuzidi urefu wa mita 15. Kwenye mlango wa kupokelea, umeme hugeuzwa kuwa mwanga na kisha kurudishwa kuwa umeme, ili vyombo viwili visigusane kwa umeme na kuleta mvumo.

Mpigaji anapobonyeza noti ya do ya katikati, zinapita baiti 3: ya kwanza, 144, husema noti inaanza katika njia ya kwanza, ya pili, 60, hutaja noti, ya tatu, tuseme 100, huonyesha nguvu ya kidole. Baiti za amri huanzia 128 na kuendelea. Zile za maelezo zinaishia 127. Kwa utaratibu huo chombo hakiwezi kukosea kati ya amri na maelezo.

Mlango wa kila kiwanda

Waasisi wa MIDI walikubaliana juu ya noti, lakini walitambua kwamba hawangeweza kukubaliana juu ya namba za sauti. DX7 yenye mawimbi yanayotikisana haiwezi kusoma orodha ya chombo kinachochuja mawimbi kwa njia nyingine kabisa. Wakapata suluhisho la busara. Wakatenga aina moja ya ujumbe kwa ajili ya mambo ya kila kiwanda. Ujumbe huo huanza kwa baiti 240, hufuatwa na namba ya utambulisho wa kiwanda, kisha huja namba zozote ambazo kiwanda kimezipanga, na mwisho huwekwa baiti 247. Namba ya Sequential ni 1, ya Kawai ni 64, ya Roland ni 65, ya Korg ni 66, na ya Yamaha ni 67. Chombo kinachosikia 240 na kufuatiwa na namba isiyo yake hunyamaza mpaka 247 ipite.

Watu wengine wameulaumu utaratibu huo, wakisema kwamba MIDI ilianza na umoja ikaishia katika ubinafsi. Lawama hiyo haina haki. Mkataba uliweka sharti juu ya mlango huo: kiwanda kinachoutumia kitangaze mpango wa namba zake, na ukishatangazwa, mtu yeyote aweza kuutumia bila kuomba ruhusa, ilimradi asiubadili kwa namna inayopingana na ulivyotangazwa. Maana yake ni kwamba kila kampuni ilipewa chumba chake, lakini ufunguo ukatundikwa ukutani mbele ya watu wote. Mlango wenyewe haukuleta ubinafsi. Ubinafsi huja pale ufunguo unapofichwa.

Hesabu ya DX7

Namna mpango ulio wazi unavyofaa yaonekana katika DX7 yenyewe. Kumbukumbu yake ya ndani huchukua sauti 32. Ili kupunguza mzigo, namba 155 za kila sauti hubanwa ziwe baiti 128 wakati sauti zote 32 zinapotolewa kwa pamoja. Mara 32, zinakuwa baiti 4,096. Mbele yake huwekwa baiti 6, nazo ni 240, 67, 0, 9, 32 na 0. Mwanafunzi makini atauliza mbili za mwisho zina maana gani. Hizo hutaja urefu wa mzigo: kwa kuwa kila baiti ya maelezo huishia 127, hesabu hufanywa kwa msingi wa 128, hivyo 32 mara 128, kuongeza 0, ni 4,096. Mwisho huja baiti 1 ya ukaguzi na baiti 1 ya kufungia, yaani 247. Jumla yote ni baiti 4,104.

Baiti 4,104 zikizidishwa kwa mikrosekunde 320 zinatoa sekunde 1.3. Hesabu hiyo yafaa ikaririwe na kila mwenye kinanda cha aina hii. Kazi ya miaka mingi ya usiku na mchana, iliyomo katika sauti 32, inaweza kutolewa na kuwekwa salama kwa muda usiotosha hata kufungua kitasa cha mlango. Hakuna mkulima anayeweza kuingiza mavuno yake ghalani kwa kasi hiyo, na bado wapo wenye vinanda wanaoyaacha mavuno shambani.

Hata hivyo, MIDI isipewe sifa isiyostahili. Inafaa kubeba maelezo ya upishi. Haifai kubeba sufuria nzima. Vipo vyombo vinavyohifadhi sauti halisi zilizorekodiwa, na kwa ajili yao uliwekwa utaratibu wa kusafirisha sauti hizo katika vifurushi vya baiti 127, kila kifurushi kikibeba baiti 120 za sauti. Sauti ya sekunde 1 iliyopimwa mara 44,100 kwa biti 16 huhitaji baiti 3 kwa kila kipimo. Kwa hiyo kifurushi kimoja huchukua vipimo 40, na vifurushi huwa 1,103. Waya utachukua kama sekunde 45 kuipitisha sekunde hiyo 1, bila kuhesabu mapumziko baina ya kifurushi na kifurushi. Kwa sauti zilizorekodiwa, ni afadhali kutumia diski au kadi ya kumbukumbu.

Ukaguzi na mipaka yake

Baiti ya ukaguzi iliyotajwa hapo juu ni somo zuri la hesabu. Chombo kinachotuma hujumlisha namba zote za mzigo, hutafuta baki baada ya kugawa kwa 128, kisha hutafuta namba ya kulikamilisha baki hilo lifike 128. Tuseme mzigo una namba 3: 100, 60 na 20. Jumla ni 180. Baki ni 52. Namba ya ukaguzi ni 128 kutoa 52, yaani 76. Chombo kinachopokea hujumlisha zote pamoja na 76 na kupata 256, ambayo hugawanyika kwa 128 bila baki. Ikiwa namba moja imeharibika njiani, baki litajitokeza, na chombo kitaukataa mzigo.

Lakini mwanafunzi asidanganyike akaona ukaguzi huo ni mkamilifu. Namba 60 na 20 zikibadilishana nafasi, jumla haibadiliki, na kosa litapita. Vilevile namba moja ikiongezeka 1 na nyingine ikipungua 1, kosa halitaonekana. Ndiyo maana wenye busara hawatosheki na nakala moja. Huitoa nakala mara mbili, kisha huziagiza kompyuta zilinganishe faili hizo mbili baiti kwa baiti. Zikiwa sawa, na urefu wake ukiwa ule unaotarajiwa, hapo moyo hutulia kidogo.

Mahali watu wanapokosea

Makosa yanayowapata watu katika kazi hii yanajulikana, na karibu yote yanaepukika. La kwanza ni kungoja. Betri ya lithiamu ya volti 3 hudumu miaka mingi, na kwa sababu hiyo mwenye chombo huisahau. Vyombo vya mwaka 1983 vimekwisha kupita miaka 40. Tena wapo wanaokumbuka betri lakini wakaitoa kabla ya kutoa nakala, na kwa mkono wao wenyewe wakaikata kumbukumbu chakula chake. Nakala itangulie, betri ifuate.

La pili ni kosa la mwelekeo. Mlango wa kutolea wa kinanda huunganishwa na mlango wa kupokelea wa kompyuta, na wa kutolea wa kompyuta na wa kupokelea wa kinanda. Aliyeunganisha vibaya hungoja bila kupata kitu, kisha hukisingizia chombo. Vilevile vyombo vingi vina kinga ya kumbukumbu, na kinga hiyo isipoondolewa sauti zinazorejeshwa hazikubaliwi.

La tatu ni haraka. Kompyuta za sasa huunganishwa kwa USB, ambayo hata ile ya mwendo wa wastani hupitisha biti milioni 12 kwa sekunde. Upande wa pili uko waya wa biti 31,250. Kati yao kuna kifaa kidogo cha kuunganisha, na kikiwa dhaifu hakina mahali pa kuziweka baiti zinazongoja zamu. Matokeo yake ni kwamba noti hupita vizuri, lakini mzigo mrefu hukatika katikati. Dawa yake ni kutumia kifaa imara zaidi, au kuagiza programu itume polepole na kupumzika baina ya ujumbe na ujumbe.

La nne, na ndilo baya kuliko yote, ni kuiamini nakala ambayo haijapata kujaribiwa. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Lakini kujaribu nako kwahitaji hadhari, maana mzigo wa sauti 32 unapoingia katika DX7 hufuta zile zilizokuwamo. Njia ya salama ni kuifungua nakala kwanza katika programu ya kompyuta inayouiga mtambo huo. Programu ya Dexed, ambayo hutolewa bure, husoma faili za DX7 na kuzipiga. Sauti zikisikika humo kama zilivyokuwa katika kinanda, nakala ni nzima.

Hoja za wanaopuuza

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni bughudha, kwa kuwa nyimbo zimekwisha rekodiwa. Hao wanachanganya pilau na maelezo ya kuipika. Wimbo uliorekodiwa huhifadhi tukio moja. Hauwezi kupigwa upya kwa mwimbaji mwenye sauti ya chini zaidi, wala kutungiwa ubeti mpya. Wengine watasema kwamba sauti za kiwandani zipo na zinapatikana tena. Ni kweli, lakini sauti za kiwandani ni za kila mtu. Iliyopotea ni ile iliyotungwa na mkono wa mwenyewe.

Hoja iliyo nzito zaidi husema kwamba kompyuta zimekwisha kuiondoa haja hii, kwa sababu siku hizi kila kitu kimo katika programu. Ukweli unaelekea upande wa pili. Faili ya DX7 iliyotolewa zamani, baiti 4,104 tupu, inafunguliwa leo bila taabu kwa kuwa mpango wa namba zake ulichapishwa katika kitabu cha maelezo cha chombo chenyewe. Lakini vipo vyombo vipya ambavyo sauti zake haziwezi kutolewa ila kwa programu ya kiwanda, na mpango wa namba zake haukutangazwa. Siku programu hiyo itakapokataa kufanya kazi katika kompyuta mpya, mwenye chombo atakuwa na nakala mkononi asiyoweza kuisoma. Ni kama kuwa na daftari lililoandikwa kwa lugha aliyoijua karani mmoja tu, naye amehama mji. Toleo la pili la MIDI, lililopitishwa mwaka 2020, limeweka njia ya vyombo kujieleza vyenyewe kwa vingine. Lakini njia hiyo itafaa tu ikiwa watengenezaji watakubali kusema.

Watengenezaji hujitetea kwamba wanalinda siri za kazi yao. Utetezi huo haushawishi. Kutangaza mpangilio wa namba hakufichui namna saketi ilivyojengwa. Yamaha ilitangaza mpango wa DX7, na bado uvumbuzi wa Chowning, uliolindwa kwa hataza, uliipatia Stanford mamilioni ya dola. Uwazi wa namba haukumfilisi mtu. Kwa hiyo mnunuzi, iwe ni shule, kanisa au kikundi, yafaa aulize swali moja kabla ya kutoa fedha: Je, sauti zitakazotungwa ndani ya chombo hiki zaweza kutolewa na kurejeshwa, na mpango wake umechapishwa? Jibu likiwa hapana, bei ya chombo hicho si ile iliyoandikwa; iko bei nyingine itakayodaiwa baadaye.

Urithi wa vipimo

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa peke yake. Vinanda vya elektroniki vimeingia katika taarab ya kisasa na katika kwaya, na vingi hutoka kiwandani vikiwa na noti 12 zilizogawanywa sawasawa katika kila oktavu. Lakini taarab ya Unguja ilirithi pia makamu za Kiarabu, ambazo baadhi yake huhitaji noti zilizoko katikati ya noti hizo 12. Mpiga fidla huzipata kwa kidole. Mpiga kinanda hana budi kukipanga chombo upya, ikiwa chombo chaweza kupangwa. Yamaha DX7II, iliyotoka katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, iliruhusu mpigaji kutunga vipimo vyake mwenyewe, na vipimo hivyo navyo ni namba zinazoweza kutolewa kwa MIDI. Baadaye mkataba wenyewe uliongezewa ujumbe wa pamoja wa kupanga noti, ambao hugawa kila nusu-toni katika sehemu 16,384, uchache usioweza kutambuliwa na sikio lolote.

Basi mwenye kinanda aliyesikiliza wazee wa fidla na ganuni, akaipatanisha ala yake nao kwa sikio, ameandika ndani ya chombo chake kumbukumbu ya makamu kama alivyoisikia. Betri ikifa, kinachopotea si sauti ya kupendeza tu. Na wazee wale huenda wasiwepo tena wa kuulizwa.

Wajibu wa shule

Walimu wa fizikia na hisabati wamepewa hapa somo ambalo hawahitaji maabara kubwa kulifundisha. Hesabu za msingi wa 2 na wa 128, mwendo wa biti, baki baada ya kugawa, na ugunduzi wa makosa, vyote vimo katika ujumbe mmoja wa kinanda. Waasisi wa mkataba waliwakumbuka hata wanafunzi: namba ya utambulisho 125 iliachwa kwa ajili ya elimu na utafiti, na hairuhusiwi kutumiwa katika bidhaa za kuuzwa. Mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kuandika 240, 125, kisha namba zake mwenyewe, namba ya ukaguzi, na 247, akatuma kwa mwenzake na kuona kama zimefika salama. Aharibu moja makusudi, aone ukaguzi ukiikamata. Azibadilishe nafasi mbili, aone ukaguzi ukishindwa. Atakuwa amejifunza kwa mkono wake jambo linalohusu benki, simu na vyombo vya angani kadhalika.

Na pale ambapo shule au kanisa la jirani lina kinanda cha zamani, kazi ya kwanza ya klabu ya sayansi iwe ni kuzitoa sauti zake, kuzilinganisha nakala mbili, na kuziweka katika mahali pawili tofauti, pamoja na karatasi yenye jina la chombo, tarehe, na jina la kila sauti na aliyeitunga. Karatasi hiyo isidharauliwe, kwa maana faili isiyo na maelezo huwa kitendawili baada ya miaka michache.

Akiba haiozi, walisema wazee, nao walikuwa wakisema juu ya nafaka. Nafaka ya mpiga kinanda ni namba 155 kwa kila sauti, na ghala lake laweza kujazwa kwa sekunde 1.3. Kinachotakiwa ni waya wa pini 5, uangalifu kidogo, na uamuzi wa kulifanya jambo hilo leo, betri ingali hai.